Fedha Kiasi Gani Zitakutosha Ukiacha Kazi Mapema?

Somo la redio kwa madarasa ya watu wazima

(Somo hili lilisomwa redioni. Limepigwa chapa ili mlisome tena polepole darasani au nyumbani. Mahali palipoandikwa SIMAMA, weka kitabu chini, uandike hesabu yako mwenyewe kabla ya kuendelea.)

Ninyi wa Ujiji, wa Kibirizi na wa Katonga, na ninyi mlio mbali huko Kagunga na Kalya, karibuni darasani. Kila mmoja awe na kalamu na daftari lake.

Katika masomo yaliyopita tulijifunza kujumlisha, kutoa, kuzidisha na kugawanya. Leo tutazitumia hesabu hizo zote kwa jambo moja kubwa. Jambo lenyewe ni hili: mtu akitaka kuacha kazi kabla mwili haujamwachisha, awe na fedha kiasi gani?

Watu wengi hulijibu swali hili kwa kukisia. Mmoja husema, "Milioni tano zanitosha." Mwingine husema, "Hata milioni mia hazitoshi." Wote wawili hawakuandika kitu. Wewe leo utaandika.

1. MVUVI NA MBALAMWEZI

Wewe unayekaa kando ya Ziwa Tanganyika unajua jambo ambalo watu wa mahali pengine hufundishwa kwa shida. Dagaa huvuliwa usiku wa giza. Taa huwashwa, dagaa huifuata, wavu huinuliwa. Lakini mwezi ukiwa mpevu, taa haina nguvu tena, nao wavuvi hupumzika. Siku hizo hushona nyavu na kutengeneza vyombo vyao.

Je, siku za mbalamwezi mvuvi hali chakula? Anakula. Watoto wake wanakula. Wanakula kwa fedha za siku za giza. Mvuvi mwenye akili huziweka kando kabla mwezi haujatoka, maana anajua kwamba utatoka.

Basi, kuacha kazi ni mbalamwezi ndefu. Tofauti ni moja tu: mbalamwezi ya kila mwezi ni ya siku chache, na hii ni ya miaka mingi.

Mwaka 2024 tuliona mbalamwezi ya urefu wa kati. Tangu tarehe 15 Mei hadi 15 Agosti uvuvi ulisimamishwa katika ziwa letu, ili samaki wapate kuzaliana. Lilikuwa jambo la nchi zote nne za ziwa hili, yaani Tanzania, Burundi, Zambia na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Ikiwa riziki yako ilitoka ziwani, miezi ile mitatu ilikuwa mtihani wako. Jiulize sasa: tulikula nini? Fedha zilitoka wapi? Tulikopa kwa nani, na kiasi gani? Majibu yako ndiyo mwanzo wa hesabu yetu.

2. ANDIKA MATUMIZI, USIANDIKE MAPATO

Hapa wengi hukosea. Wao hutazama wanachopata. Mtu husema, "Napata Sh. 700,000 kwa mwezi, basi nahitaji fedha za kunipa Sh. 700,000 kila mwezi." Sivyo. Kinachotakiwa ni kujua unachotumia. Watu wawili wanaopata sawa, lakini mmoja anatumia nusu ya mwenzake, hawahitaji akiba sawa.

Tena uandike matumizi ya wakati utakapokuwa umeacha kazi, si ya leo. Kazi huondoka na gharama zake: mafuta ya injini, betri za taa, kamba na nyavu. Hizo zifute. Lakini kazi huondoka na faida zake pia. Leo mvuvi haleti kitoweo kwa kununua. Akiacha ziwa, dagaa na mgebuka atawanunua sokoni kama watu wengine. Hizo ziongeze.

Tuchukue mfano. Mvuvi ana miaka 40, anakaa Ujiji katika nyumba yake mwenyewe. Anataka kuacha ziwa atakapofika miaka 50, wakati huo watoto watakuwa wanajitegemea. Yeye na mkewe wameketi pamoja, wakaandika matumizi ya mwezi. Bei hizi ni za mfano. Wewe weka za kwako.

Unga, mchele, maharage na mboga: Sh. 120,000
Samaki na dagaa: Sh. 30,000
Mkaa: Sh. 40,000
Maji na umeme: Sh. 20,000
Sukari, chumvi, mafuta na sabuni: Sh. 30,000
Nauli na simu: Sh. 15,000
Dawa: Sh. 20,000
Nguo, na michango ya misiba na harusi: Sh. 25,000
Jumla: Sh. 300,000

Zidisha kwa miezi 12. Unapata Sh. 3,600,000 kwa mwaka.

Angalieni, mkewe ndiye aliyemkumbusha mkaa na michango. Mume peke yake angeandika Sh. 235,000, na hesabu yote ingeharibika. Hesabu hii ni ya watu wawili.

SIMAMA. Andika matumizi ya nyumba yako.

3. ANDIKA YANAYOKUJA YENYEWE

Sasa andika mapato yatakayokuja hata usipokwenda kazini. Mvuvi wetu ana vyumba viwili vya kupangisha, kila kimoja Sh. 40,000 kwa mwezi. Lakini mpangaji huhama, na chumba hukaa kitupu. Kwa hiyo asihesabu miezi 12. Ahesabu miezi 10.

Sh. 40,000 mara vyumba 2, mara miezi 10, ni Sh. 800,000 kwa mwaka.

Ana michikichi pia. Akiisha kumlipa mkwezi na wanaokamua mawese, hubakiwa na Sh. 400,000 kwa mwaka. Ni lazima kuwatoa hao kwanza, maana mti hurefuka na mzee hawezi kuukwea mwenyewe.

Jumla ya yanayokuja yenyewe ni Sh. 1,200,000.

Sasa toa. Sh. 3,600,000 kutoa Sh. 1,200,000 ni Sh. 2,400,000. Hili tunaliita pengo. Akiba yako ni ya kuziba pengo, si ya kulipa kila kitu.

4. ZIDISHA PENGO KWA 25

Chukua pengo la mwaka, ulizidishe kwa 25.

Sh. 2,400,000 mara 25 ni Sh. 60,000,000.

Najua mmeshtuka. Tulieni kwanza. Tutazame kwa nini 25, kisha tutazame jinsi ya kuupunguza mlima huu.

Mwaka 1994, Mmarekani mmoja mshauri wa mambo ya fedha, William Bengen, alipitia bei za miaka mingi za nchi yake. Aliwafikiria watu walioweka akiba zao katika hisa za makampuni na katika hati za kuikopesha serikali. Aliona kwamba mtu akitoa Sh. 4 katika kila Sh. 100 mwaka wa kwanza, kisha akaongeza kila mwaka kadiri bei zilivyopanda, akiba yake ilidumu miaka 30 au zaidi. Sh. 4 katika Sh. 100 ni sawa na sehemu moja ya 25. Ndipo ilipotoka hesabu ya mara 25.

Lakini hesabu yake ilikuwa ya Marekani. Sisi tuiseme kwa njia yetu. Fedha zako zikizaa sawasawa na bei zinavyopanda, mara 25 zitakulisha miaka 25. Zikizaa zaidi, zitakulisha zaidi. Zisipozaa kabisa, zitaisha mapema. Anayeacha kazi na miaka 50 atafika miaka 75. Anayetaka kuacha na miaka 40, mara 25 ni chache kwake. Heri azidishe kwa 30 au zaidi.

5. FEDHA ZA KOPO

Wahenga walisema akiba haiozi. Mahindi makavu hayaozi upesi, lakini fedha zilizolala huliwa na bei.

Katika miaka ya 2023 na 2024 bei za vitu katika Tanzania zilipanda kwa kati ya Sh. 3 na Sh. 4 katika kila Sh. 100 kwa mwaka. Ni kidogo, sivyo? Lakini bei zikipanda kwa Sh. 3 tu katika kila Sh. 100 kila mwaka, baada ya miaka 24 kitu cha Sh. 300,000 kitauzwa karibu Sh. 600,000. Mvuvi wetu akiweka milioni 60 katika kopo chini ya kitanda, hazitamfikisha miaka 25. Zitaisha kabla ya mwaka wa 19 kutimia. Atakuwa na miaka 69, hana fedha, wala nguvu za kurudi ziwani. Tena katika miaka ya 1980 bei zilipanda kwa kasi mara nyingi zaidi ya hiyo.

Ujiji yenyewe ni shahidi. Katika miaka ya 1870, sokoni Ujiji watu walinunua vitu kwa shanga, na aina moja ya shanga hizo iliitwa sofi. Aliyekuwa na mtungi uliojaa sofi alikuwa tajiri. Leo mtungi huo haununui hata fungu moja la dagaa. Wala si mambo ya kale tu. Benki Kuu ya Tanzania ilitangaza kwamba noti za zamani, zilizotolewa tangu 1985 hadi 2003, zibadilishwe kati ya tarehe 6 Januari na 5 Aprili 2025. Aliyezificha na asisikie habari alibaki na karatasi.

Kwa hiyo weka kidogo mkononi kwa haja za miezi michache, na zilizobaki zifanye kazi. Ziko njia nyingi: kikundi cha kuweka na kukopa ambacho wanachama wake unawafahamu na daftari lake hukaguliwa mbele ya wote, chama cha akiba na mikopo, benki, mifuko ya uwekezaji ya pamoja, na hati fungani za serikali, ambazo humlipa mwenye nazo faida mara mbili kwa mwaka. Usiweke zote mahali pamoja. Na mtu akikuahidi kwamba fedha zako zitakuwa mara mbili katika mwezi mmoja, ondoka upesi, maana huyo anazitaka zako.

6. KANUNI YA MIA TATU

Sasa tuupunguze mlima. Andika kanuni hii kwa herufi kubwa: KILA SHILINGI MOJA YA KILA MWEZI INATAKA SHILINGI 300 ZA AKIBA. Ni kwa sababu miezi 12 mara miaka 25 ni 300.

Ukipunguza matumizi kwa Sh. 10,000 kwa mwezi, umepunguza akiba unayohitaji kwa Sh. 3,000,000. Ukipata mapato ya kudumu ya Sh. 10,000 kwa mwezi, ni vile vile. Sasa mlima umekuwa vilima, na kilima mtu hukipanda.

Mvuvi wetu na mkewe walifanya hivi.

Kwanza, waliamua kujenga chumba kimoja zaidi cha kupangisha. Kitaleta Sh. 400,000 kwa mwaka. Sh. 400,000 mara 25 ni Sh. 10,000,000. Walikadiria kujenga kwa Sh. 4,000,000.

Pili, waliamua kupanda michikichi mingine ya mbegu bora, itakayowaletea Sh. 400,000 nyingine kwa mwaka. Hiyo nayo inaondoa Sh. 10,000,000. Gharama yake walikadiria Sh. 1,000,000. Mchikichi bora huanza kuzaa baada ya miaka kama mitatu au minne, nao huzaa miaka 25 na zaidi. Aupandaye akiwa na miaka 40 atakula matunda yake akiwa mzee. Anayengoja kuacha kazi ndipo apande, atakaa na njaa akiutazama.

Tatu, mvuvi hataacha kazi yote siku moja. Ataacha ziwa, lakini atashona nyavu za wengine kwa Sh. 100,000 kwa mwezi, kwa miaka 10 ya kwanza. Hapa kanuni ya mia tatu haitumiki, kwa sababu macho na vidole havitadumu miaka 25. Kwa hiyo: Sh. 100,000 mara miezi 12, mara miaka 10, ni Sh. 12,000,000.

Sasa toa: milioni 60, kutoa 10, kutoa 10, kutoa 12. Zinabaki milioni 28.

Siku ya kuacha ziwa atauza mtumbwi, injini na nyavu. Alikadiria bei ya chini, Sh. 9,000,000. Zinabaki milioni 19. Ongeza milioni 5 za kujenga chumba na kupanda michikichi. Jumla ni milioni 24, za kutafuta kwa miaka 10.

Milioni 24 gawanya kwa miezi 120 ni Sh. 200,000 kwa mwezi.

Angalieni tulikotoka. Tulianza na milioni 60, mtu akakata tamaa. Sasa tuna Sh. 200,000 kila mwezi, fedha za siku za giza zinazowekwa kwa ajili ya mbalamwezi ndefu. Si kidogo. Lakini ni jambo la kusemezana na mkeo, si jambo la kukimbia.

Na kama Sh. 200,000 hazipatikani? Basi hesabu imekuambia kweli mapema, nayo ni faida. Sogeza mwaka. Akiacha na miaka 55, atakuwa na miezi 180 ya kuweka akiba. Milioni 24 gawanya kwa 180 ni kama Sh. 133,000 kwa mwezi. Au upunguze matumizi. Au uongeze chumba. Chagua wewe, lakini usikisie.

SIMAMA. Tafuta pengo lako. Lizidishe kwa 25. Kisha utafute vitu viwili vya kulipunguza.

7. KWA WALIOAJIRIWA

Nanyi wa reli, wa bandari, walimu na wauguzi, hesabu yenu ina sehemu mbili. Wa serikali wako katika mfuko wa PSSSF, ulioanzishwa mwaka 2018. Wa makampuni wako katika NSSF, na waliojiajiri wanaweza kujiunga huko kwa hiari. Kwa wafanyakazi walio wengi, kustaafu kwa hiari ni miaka 55, na kwa lazima ni miaka 60. Ili mtu apate pensheni ya kila mwezi, kwa kawaida awe amechangia miezi 180, yaani miaka 15.

Basi mwalimu mwenye pengo kama la mvuvi, akiacha kazi na miaka 50, asitazamie pensheni ya uzeeni kabla ya miaka 55. Anahitaji daraja la miaka mitano: Sh. 2,400,000 mara 5 ni Sh. 12,000,000. Baada ya hapo pensheni itaziba sehemu ya pengo, na sehemu inayobaki ndiyo ya kuzidisha. Nenda ofisi ya mfuko wako uulize: nimechangia miezi mingapi? Ukikuta miezi imekosekana, ni rahisi kuitafuta leo kuliko baada ya miaka 20.

Ukipata kiinua mgongo, kikumbuke kuwa ni chakula cha miaka mingi kilichotolewa siku moja. Usikimalize kwa duka ambalo hujawahi kuliendesha.

8. MAMBO MATATU YA MWISHO

Kwanza, ugonjwa. Weka akiba ya matibabu mbali na hii, na ukate bima ya afya ungali mzima.

Pili, madeni. Usiache kazi ukiwa na deni. Deni halina mbalamwezi. Hulipwa kila mwezi.

Tatu, watoto. Mtoto mwema humsaidia mzazi, nasi tunamshukuru. Lakini yeye naye ana nyumba na watoto. Msaada wake uwe kitoweo, usiwe ugali. Usiuandike katika hesabu.

Kila mwaka fungua daftari, andika bei mpya, upige hesabu tena. Bei hubadilika, na wewe pia unabadilika.

MASWALI YA DARASA

1. Nyumba moja hutumia Sh. 250,000 kwa mwezi. Yanayokuja yenyewe ni Sh. 90,000 kwa mwezi. Pengo la mwezi ni kiasi gani? Zidisha kwa 300. Wanahitaji akiba gani?
2. Wakipunguza matumizi kwa Sh. 15,000 kwa mwezi, akiba wanayohitaji itapungua kwa kiasi gani?
3. Kwa nini mvuvi wetu hakuhesabu kodi ya miezi 12?
4. Wakati uvuvi uliposimamishwa mwaka 2024, kilichokulisha ni akiba, mazao, kazi nyingine au mkopo? Zungumzeni darasani.

MAJIBU YA HESABU: la kwanza, pengo ni Sh. 160,000 na akiba ni Sh. 48,000,000, la pili, Sh. 4,500,000.

Ndugu zangu, usiku wa leo yeyote atakayepita ufukweni autazame mwezi. Kama ni giza, vyombo viko ziwani na taa zinawaka. Ni wakati wa kupata. Mwezi mpevu utatoka tu. Heri utukute tumejiandaa.

Kwaherini, mpaka somo lijalo.